Kijana wa Vernazac

Nilipoletwa Vernazac kuolewa nilikuwa na miaka kumi na sita, na baba mkwe wangu, Bwana Bozon, alikuwa kitandani na homa. Mama yangu alininong'oneza mlangoni pa kanisa nisijali harusi ile ya haraka haraka. Mzee hamalizi mwezi, alisema, na mumeo Itier atakuwa bwana wa ngome kabla ya mavuno. Mama alipenda sana kupangia watu maisha. Sasa ni miaka mingi tangu tumzike. Bwana Bozon alipona wiki ileile, akala nusu ya bata bukini, akatoka kwenda kuwinda.

Haya ninayosimulia yalitokea miaka thelathini na minne baadaye, na Bwana Bozon alikuwa bado ndiye bwana wa Vernazac.

Kwetu mtoto wa bwana ambaye hajarithi huitwa kijana, hata akiwa na mvi kichwa kizima. Hana ardhi, hana muhuri, hana neno la mwisho juu ya jambo lolote. Akitaka farasi, anaomba. Akitaka kumpa mtumishi koti lake kuukuu, anaomba. Mume wangu alikuwa na miaka hamsini na sita, goti moja halikunjiki sawasawa, meno ya nyuma yamekwisha, na bado aliitwa kijana wa Vernazac na watu aliowashika mkono walipokuwa wanajifunza kutembea. Wengine walisema kwa mazoea tu. Wengine walisema huku wakitazamana.

Nisimsingizie mzee. Hakuwa mkatili. Mezani alimkatia Itier nyama kwa mkono wake mwenyewe, ile iliyo laini karibu na mfupa, kama mtu anavyomkatia mtoto, na siku za theluji alimwuliza kama amevaa soksi mbili. Lakini kila jambo lililohitaji kuamuliwa alilijibu kwa neno moja: "Tutaona." Mara mbili Itier aliondoka ili akatafute bahati yake kwa wakuu wengine. Mara zote mbili alifuatwa na mjumbe kwamba baba yako anakata roho, rudi. Akarudi. Padri wetu alishampaka mzee mafuta ya wagonjwa mara nne. Mara ya kwanza nililia mpaka nikapoteza sauti. Mara ya nne nilisimama pale na mshumaa mkononi nikiwaza kama watu wa jikoni wamekumbuka kutoa mkate tanurini usiungue. Ilipofika Pasaka mzee alikuwa anakemea wachunga farasi uani.

Tulizaa watoto watano, wakabaki wawili. Binti yetu ni mtawa, mbali, na sijamwona tangu avae shela. Ugo, mvulana, alikuwa na miaka ishirini na saba mwaka ule, na alikuwa amempenda Garsenda, binti wa bwana wa Salvanhac, jirani yetu ng'ambo ya mto. Akaenda kumposa kwa heshima zote. Bwana wa Salvanhac akamkaribisha, akampa mvinyo, kisha akamwambia bila kupepesa macho kwamba yeye ana binti wa kumwoza bwana wa ngome, au mtoto wa bwana wa ngome.

"Sasa wewe," akamwambia, "ni mtoto wa kijana."

Ugo alirudi na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Alimkuta baba yake bandani anashona mkanda wa tandiko. Nilikuwa pale nikichambua sufu, hawakunijali. Ugo akasema wamchukue babu wampeleke kwa watawa wa bondeni, watamlisha vizuri, watamwombea, mabwana wangapi wamemalizia huko na hakuna aliyelalamika. Itier akasema babu atakwenda mwenyewe akitaka. Ugo akasema hatataka. Itier akasema basi.

"Baba," Ugo akamwuliza, "wewe unangoja nini?"

Nilidhani Itier angekasirika. Aliweka sindano chini, akalifikiria swali lile kama swali la kweli.

"Sijui tena," akasema, akaokota sindano.

Ugo hakusema naye kwa wiki mbili.

Mwishoni mwa kiangazi hicho mkuu wa jimbo letu alikufa, na ukuu ukaingia mikononi mwa mtoto wake wa miaka kumi na tisa. Barua ikaja kwa kila ngome. Kila bwana afike mwenyewe kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, aape upya. Aliye mgonjwa mno anaruhusiwa kumwachia mrithi wake ngome na muhuri, mrithi aje aape kwa jina lake mwenyewe. Padri aliisoma barua wakati wa chakula. Alipofika kwenye maneno yale ya mgonjwa, ukumbi mzima ulimtazama Itier, kisha kila mtu akarudisha macho kwenye sahani yake. Itier alikuwa anamenya yai. Aliendelea kulimenya.

"Nitakwenda," akasema Bwana Bozon.

Alikuwa na miaka themanini na mitatu. Kutoka kitandani hadi chooni alihitaji watu wawili. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba ni mwendo wa siku mbili kwa farasi mzuri na mvua zimeanza. Akaniambia, "Mkwe wangu, machela zimetengenezwa kwa ajili ya nani?"

Basi tukafunga machela katikati ya nyumbu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, tukaiwekea godoro la manyoya na paa la ngozi. Watu wanne wakaja nasi. Itier alipanda farasi jike wake mzee, mimi nilipewa nyumbu wa jikoni, maana ilinibidi niende, mzee hakubali kulishwa na mtu mwingine. Ugo aliachwa kulinda nyumba. Hakushuka kutuaga. Alisimama juu ya lango akatutazama mpaka tukapinda kona.

Safari ya siku mbili ilituchukua nne. Mvua ilinyesha siku tatu kati ya hizo. Mzee alilalamika kwamba nyumbu wa nyuma anatembea kama mlevi, kwamba ngozi inavuja, kwamba mimi nimefungasha jibini lenye ukungu. Tulipovuka mto wa kwanza maji yalipanda yakalowesha godoro, na jioni hiyo, katika nyumba ya wageni ya watawa, ikabidi avuliwe nguo zote na kuoshwa kwa maji moto. Itier hakutaka watumishi wamwone baba yake vile. Alipiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akamwosha mwenyewe. Nilikuwa nashika taa na taulo.

Ndipo mzee akaanza kusema, haongei na mtu, anatazama moto. Vita vyake tulivijua vyote kwa moyo, lakini jambo hili sikuwahi kulisikia. Alisema alikuwa na miaka tisa baba yake aliporudishwa nyumbani juu ya ubao. Mchana uleule wajomba zake walimkalisha kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini, wakamwambia sasa wewe ni bwana, kisha wakamla. Shamba moja moja, msitu, kinu cha kusagia, mpaka ukabaki mnara. Ilimchukua ujana wake wote kuvirudisha, na kila alichokirudisha aliapa kwamba hakitatoka mkononi mwake tena.

"Mimi sikupata kungoja kitu," akasema. "Sijui mtu anangojaje."

Itier alikuwa anamkausha miguu. Alikausha vidole kimoja kimoja, akamvisha soksi, akaniomba nipitishe ile nyingine.

Tulifika mjini kwa mkuu asubuhi ya siku ya tano, watu wamejaa hadi uani, farasi na matope kila mahali. Ukumbi ulikuwa juu, na ngazi za kupandia zilipinda kwenye kona nyembamba. Tukafungua nyumbu, watu wetu wanne wakaibeba machela mabegani, na pale kwenye kona ikakwama. Haikwenda mbele wala nyuma. Itier akasema atatangulia kumwambia karani asiliite jina letu mpaka mzee afike. Akapanda, akichechemea. Mimi nilibaki nyuma ya machela nikiisukuma kwa kiganja kana kwamba ingesaidia.

Yaliyotokea juu niliyaona mwisho wake na mwanzo wake nikasimuliwa. Itier alipenya mpaka kwa karani. Karani, bila kuinua macho, akauliza, "Wa wapi?" Itier akasema, "Vernazac, ila—" na karani akapaza sauti, "Vernazac," na watu wakampisha, na waliokuwa nyuma wakamsukuma, na akajikuta mbele ya kiti. Mbele ya mkuu mtu hupiga goti. Akapiga goti. Mtu mwenye ndevu nyeupe, anachechemea, amevaa koti lake zuri. Nani angedhani vingine? Yule mkuu mdogo akashika mikono yake miwili ndani ya mikono yake, akaanza maneno ya kiapo.

Wakati huo ndipo machela ilipochomoka kwenye kona na sisi tukatokea mlangoni.

Nilimwona mume wangu amepiga goti. Nilisikia swali, sauti ikavunjika katikati kama ya wavulana: unataka kuwa mtu wangu? Lilibaki neno moja tu, nataka, na mambo yangekuwa yamekwisha, mbele ya mashahidi mia mbili, na hakuna ambaye angesema tumedanganya kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Bwana Bozon aliinuka kwenye mto. Aliona vyote. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na mimi nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Nitasema kweli, maana sina tena wa kumficha: nilimwomba Mungu Itier ajibu.

Itier akatoa mikono yake.

"Bwana wangu, samahani," akasema. "Mimi ni mtoto wake. Mwenyewe yuko mlangoni."

Mtu mmoja nyuma akarudia, "Mtoto," na kicheko kikapita ukumbi mzima. Mkuu mwenyewe alicheka, alikuwa na miaka kumi na tisa, nisimlaumu. Kisha akakumbuka malezi yake, akashuka kitini akaja mpaka kwenye machela, akainama, akashika mikono ya Bwana Bozon. Mzee aliapa kwa sauti ndogo. Ilibidi akumbushwe neno moja. Itier alisimama kando ameshika kofia ya baba yake.

Mchana, kwenye chumba tulichopangiwa, mzee alilala na sisi tukakaa kwenye benchi dirishani tukila mkate. Nilikuwa nimejiapiza kutouliza. Nikauliza.

"Mikono yake ilikuwa ya moto, Mama Ugo," akasema. "Laini, kama ya mtoto aliyetoka kucheza. Na maneno ya kiapo yanasema nitakutumikia maisha yangu yote. Nikaona haya. Maisha yenyewe yako wapi?"

Nikamwambia angeweza kunifikiria mimi, au Ugo. Akasema ni kweli, angeweza. Akanimegea mkate wake ulio laini. Sikuwa na nguvu za kugombana, nikaula.

Tulianza kurudi kesho yake. Mzee hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinitia hofu kuliko mafuta yote ya padri. Siku ya pili tulisimama kujikinga na mvua barazani pa kanisa la kijiji. Itier alikuwa anawafunga nyumbu. Mzee aliniita karibu akaniuliza kwa nini mwanawe hakujibu. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, mikono ya moto na yote. Alisikiliza. Mvua ilikuwa inamwagika kwenye mawe. Kisha akasema, niitie mwanangu.

Itier alipokuja, mzee alikuwa ameshautoa muhuri. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya ngozi, na kamba ilikuwa imemwachia alama nyeupe. Akamnyooshea.

"Chukua."

"Mpe Ugo," akasema Itier.

Mzee akasema haiwezekani kumruka mtu, si sheria. Itier akasema basi ukae nao. Mzee akamwuliza kama anamtukana. Itier akasema hamtukani, ila hautaki. Aliutaka alipokuwa na miaka thelathini. Sasa anataka kiti karibu na moto na mtu asimwulize kitu. Alisema hayo polepole, bila ukali, na mzee alikuwa bado amenyoosha mkono, na mkono ulianza kushuka kwa kuchoka.

"Itier," akasema Bwana Bozon, "ni mzito. Nisaidie."

Mume wangu alisimama pale. Kwa miaka yote ile alimpokea baba yake buti zilizolowa, koti, upanga, sahani, fimbo. Akanyoosha mkono akaupokea muhuri kama alivyopokea hivyo vyote, akauvaa, akauingiza ndani ya shati kwa sababu ya mvua.

Nikafikiri mambo yamekwisha, tutakwenda nyumbani. Kumbe bwana mpya lazima aape mwenyewe kabla ya sikukuu, na zilibaki siku tatu tu. Ikabidi tuwageuze nyumbu. Siku mbili nyingine za matope, mto uleule, nyumba ileile ya watawa ambako yule mlinda mlango alituuliza kama tumesahau kitu. Nilikuwa na jipu la kukaa juu ya nyumbu. Nililia kidogo, si kwa huzuni, kwa uchovu tu, na Itier akanipa farasi wake, akatembea kwa miguu akishika hatamu.

Mkuu alimkumbuka. "Mtoto amerudi," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka sana. Itier akaapa. Haikuchukua muda hata wa kusema sala moja.

Ugo alipouona muhuri kifuani mwa baba yake alishuka langoni mbio, kisha akasimama hatua tatu mbali, hajui afanye nini. Bwana wa Salvanhac alituma salamu mwenyewe kabla ya wiki kwisha. Garsenda akaletwa baada ya Pasaka, na siku ya pili tu nilimkabidhi ghala, jiko na chumba cha nguo. Alishtuka. Alidhani ni mtego.

Itier alikuwa bwana mzuri, wa polepole. Aliamka mapema kusikiliza kesi za watu: ng'ombe kavuka mpaka, mtu kakata mti usio wake. Kila jioni alikwenda kumwuliza baba yake angeamuaje, na kila jioni mzee alimjibu, "Usiniulize mimi." Wakaishia kubishana juu ya farasi fulani aliyekufa kabla sijaja Vernazac, kama alikuwa wa kahawia au mweusi. Nadhani walikuwa na furaha, ingawa hakuna kati yao aliyelisema neno hilo.

Ubwana wake ulidumu mwaka mmoja na miezi minne. Majira ya baridi ya pili Itier alitoka shambani, akakaa kwenye ngazi kuvua buti, akasema kifua kimekuwa kizito. Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, buti moja mkononi.

Bwana Bozon alibebwa hadi kanisani. Aliomba kiti chake kisogezwe karibu na jeneza, akakaa hapo asubuhi nzima mikono magotini. Mimi nilikaa upande wa pili. Watu walipoanza kutoka akanitazama.

"Ningempa mapema," akasema.

Miaka thelathini na mitano nilikuwa nimeyatayarisha majibu ya maneno hayo. Nilikuwa nayo mengi, makali, nimeyanoa jikoni na kitandani. Miguu yake ilikuwa wazi kwenye baridi, nikamfunika.

Sasa Ugo ndiye bwana, anapiga kelele uani, Garsenda ana mimba ya miezi sita, na mzee ana miaka themanini na sita. Tunakaa naye chumba cha chini, mimi na yeye, karibu na moto. Hatuongei sana. Jana nilimpelekea supu ya kabichi, akala vijiko viwili, akalisukuma bakuli, akasema haina chumvi. Nilidhani ni ukaidi wake. Nikaonja, kweli haikuwa na chumvi. Nikainuka kwenda kuileta.